Gari Linalogoma Kuwaka Asubuhi: Betri, Stata, Mafuta au Plagi?

Gari linalogoma asubuhi lina tabia moja ya kuudhi: ukishafanikiwa kuliwasha, kutwa nzima halikusumbui tena. Litawaka mara moja ukitoka sokoni, litawaka mbele ya fundi, na fundi huyo, akiwa hana cha kuona wala kusikia, atakushauri ununue betri mpya. Ushauri huo mara nyingine huwa sahihi. Mara nyingine mwenye gari hununua betri, hukaa na raha wiki mbili, kisha asubuhi moja hujikuta palepale alipokuwa, isipokuwa sasa pesa zimekwisha. Kwa sababu hiyo, ulinganisho huu wa visababishi na matengenezo yake umejengwa juu ya jambo moja: karibu vipimo vyote vyenye thamani hufanyika kabla gari halijawashwa kwa mara ya kwanza siku hiyo, likiwa limelala usiku kucha na kupoa kabisa.

Mfano ninaouweka mbele ni gari dogo la Kijapani la petroli, kama Probox, Premio au IST, ambalo limeishi Dar es Salaam miaka mitatu na kupandishwa Njombe au Makete mwezi wa Julai. Msomaji wa Kenya anaweza kuweka Mombasa na Nyahururu. Gari hilo lilikuwa zima pwani, na asubuhi ya kwanza ya mlimani linakataa. Kosa halikuzaliwa mlimani. Joto la pwani ndilo linalokula sahani za betri na kukausha maji yake mwaka hadi mwaka, lakini katika joto hilo injini huwa nyepesi kuzungushwa, hivyo betri iliyochoka huweza kujificha muda mrefu. Baridi inapokaribia nyuzi sifuri, kemia ya betri hupungua kasi kiasi kwamba takriban theluthi ya nguvu yake haipatikani, na wakati huohuo oili nzito huifanya stata idai umeme mwingi zaidi. Mahitaji yanapanda na uwezo unashuka katika saa ileile.

Sikio kabla ya spana

Mgawanyo wa kwanza hufanywa kwa kusikiliza, nao hupunguza kazi kwa nusu. Geuza ufunguo na usikilize kama stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kila siku. Ikizunguka kivivu, kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani, tatizo liko upande wa umeme wa kuwashia, yaani betri, nyaya zake au stata yenyewe. Ikizunguka kwa nguvu zake zote lakini injini haishiki, upande huo hauna kosa, na kununua betri hapo ni kutupa pesa. Pa kutafuta ni kwenye mafuta, plagi, koili au sensa.

Kuna milio miwili ambayo watu huichanganya. Mlio wa haraka unaojirudia, ta-ta-ta-ta, huku taa za dashibodi zikififia, hutokea kwa sababu solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata, inavuta, umeme unaanguka, solenoidi inaachia, umeme unapanda kidogo, nayo inavuta tena. Hapo betri imeishiwa au umeme wake haupiti vizuri. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, huku taa zikibaki angavu, huelekeza kwenye stata. Taa zikizimika zote mara tu baada ya mlio huo mmoja, anza na vichwa vya betri vilivyolegea au vilivyoota kutu, kabla ya kumshuku mtu au kitu kingine. Kimya kitupu bila mlio wowote kwenye gari la gia za kujibadili kinastahili jaribio la bure: sogeza gia kutoka P hadi N, ukanyage breki, ujaribu tena, maana swichi inayoruhusu stata kufanya kazi hukaa kwenye mfumo wa gia na huchakaa.

Betri, altaneta, au umeme unaovuja usiku

Hawa ndio watuhumiwa watatu wanaofanana zaidi, kwa kuwa wote humfikisha mwenye gari kwenye dalili moja ya stata kivivu, ilhali tiba zao hazifanani hata kidogo. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ya bei ndogo inatosha kuwatenganisha kwa namba tatu.

Namba ya kwanza huchukuliwa alfajiri, kabla hujafungua mlango, kwa sababu mlango huwasha taa na kuamsha kompyuta za gari. Ni vizuri basi uache boneti likiwa limefyatuliwa tangu usiku. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu, ingawa kwa macho ya mtu asiyezoea namba hizo zote ni kitu kimoja. Namba ya pili husomwa wakati msaidizi anapiga stata: haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi, na katika baridi kali inaweza kuvumiliwa ikiwa chini kidogo ya hapo. Namba ya tatu husomwa injini ikiwa imewaka, nayo iwe kati ya volti 13.8 na 14.5, na isiporomoke unapowasha taa kubwa na feni. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamuru altaneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, namba hii inaweza kuwa ndogo kwa muda, kwa hiyo washa taa na upime tena kabla ya kutoa hukumu.

Sasa zilinganishe. Ikiwa ya kwanza ni nzuri, 12.6, lakini ya pili inaporomoka hadi 8, betri imechoka ndani: inaonyesha imejaa, ila haiwezi kusukuma, na hakuna kuchaji kutakakoirudisha ujana. Ikiwa ya kwanza ni mbaya na ya tatu pia ni mbaya, mkosaji ni altaneta au mkanda wake, na betri inaweza kuwa haina hatia. Ukiibadilisha, mpya nayo itakufa njaa hiyohiyo. Ikiwa ya kwanza ni mbaya na ya tatu ni nzuri, basi ama betri haitunzi umeme, ama kuna kitu ndani ya gari kinachokunywa umeme ukiwa umelala.

Kutofautisha hao wawili wa mwisho ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ichaji betri hadi ijae, iache itulie saa chache, kisha usiku uchomoe waya wa hasi na kuuweka mbali. Asubuhi pima. Ikiwa imebaki 12.6, betri ni nzima na gari ndilo linalovujisha. Ikiwa imeshuka peke yake hadi 12.2 bila kuunganishwa na chochote, betri ndiyo mgonjwa. Kwenye baadhi ya magari utalazimika kupanga upya saa, redio na vioo vya umeme baada ya zoezi hilo, lakini usumbufu huo ni mdogo kuliko gharama ya kubahatisha.

Uvujaji wenyewe hupimwa kwa kupitisha multimita, ikiwa upande wa ampea, kati ya kichwa cha hasi na waya wake, halafu kusubiri nusu saa hivi ili kompyuta za gari zilale. Gari zima kwa kawaida hunywa chini ya ampea 0.05. Likiwa linakunywa ampea 0.5, hesabu ni ya darasa la tano: ampea 12 za saa kwa siku, na betri ya ampea 45 za saa haifiki asubuhi ya nne. Chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ianguke, nawe utakuwa umepata njia yenye kosa. Vinavyostahili kushukiwa kwanza ni vile ambavyo kiwanda hakikuviweka: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, kamera na taa za mapambo. Usithubutu kupiga stata multimita ikiwa imeunganishwa hivyo, kwa sababu stata huvuta ampea zaidi ya mia moja na fyuzi ya kipimo huungua papo hapo.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wa zamani wanakipenda na ambacho nashauri ukikatae kwa adabu, nacho ni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili kuona kama altaneta inachaji. Kilikuwa na maana enzi za magari yasiyo na kompyuta. Leo betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya altaneta, na ukiiondoa ghafla, volti huruka juu na kuweza kuunguza kompyuta ambayo bei yake ni sawa na betri kadhaa. Namba ya tatu hapo juu inajibu swali hilohilo bila hatari yoyote.

Nyaya na vichwa vyake

Hapa pana tengenezo rahisi kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huondolewa kwa maji ya moto yenye magadi na brashi ya waya, kisha vibanio hukazwa na kupakwa grisi nyembamba. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Ili kuujua, weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata: ikisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, uvumilivu ni hadi volti 0.5.

Ikiwa ni betri, betri ipi?

Ukubwa huja kwanza, na ukubwa umeandikwa juu ya ile iliyokuja na gari. Katika maandishi ya Kijapani kama 55D23L, namba ya mwisho ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha upande ulipo kichwa cha chanya. Ukikosea herufi hiyo waya hazifiki, au, jambo baya zaidi, zinalazimishwa kufika. Namba ya mwanzo ni daraja la nguvu; kuongeza daraja moja ndani ya ukubwa uleule hakudhuru, na kwa gari la nyanda za juu kunasaidia.

Kati ya betri ya kuongezwa maji na ile iliyofungwa, chaguo langu hutegemea mwenye gari kuliko gari. Ya maji inakupa nafasi ya kuitunza na kuipima kila chumba kwa haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri: chumba kilichojaa husoma karibu 1.26, na kimoja kikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.05 au zaidi, betri hiyo imekufa upande. Lakini asiyefungua boneti mpaka gari ligome ataikausha, hasa pwani, na afadhali achukue iliyofungwa. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake. Madukani jina la maji ya betri hutumika pia kwa asidi, na kuongeza asidi kwenye betri iliyokwisha kutumika ni kuiua. Magari yanayozima injini yenyewe kwenye foleni yana betri za aina yake, zenye alama kama Q-85 au M-42, na betri ya kawaida ikiwekwa humo huchoka mapema, hata kama fundi atakuambia inaingia vizuri.

Kabla ya kulipa, angalia tarehe ya kutengenezwa na umwombe muuzaji apime volti mbele yako. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima na kusoma 12.2 si mpya kwa maana yoyote yenye faida, hata kama karatasi yake ya nailoni haijachanwa.

Stata: kukarabati, kuchukua ya mtumba, au kununua mpya

Kabla ya kuishusha stata, irudie namba ya pili, maana ina siri ya ziada. Ikiwa stata inazunguka kivivu huku betri ikibaki juu ya volti 11, umeme hauifikii stata sawasawa, na kosa liko kwenye nyaya au kontakti za ndani ya solenoidi. Ikiwa inazunguka kivivu huku betri, iliyothibitishwa kuwa nzima, ikivutwa chini hadi 8, basi stata inakunywa kupita kiasi kwa sababu bushi zake zimelika na rota inakwaruza, au injini yenyewe ni nzito kugeuka.

Kwenye stata za Denso zilizofungwa katika magari mengi ya Toyota, ule mlio mmoja bila kuzunguka mara nyingi husababishwa na vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vilivyolika hadi havigusani sawasawa. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na kuvibadilisha pamoja na brashi za kaboni ni kazi ya saa mbili kwa fundi umeme wa magari anayejua kazi yake. Kwa hali hiyo kukarabati kunashinda kwa mbali, kwa sababu mwili wa stata ya asili kwa kawaida ni bora kuliko ule wa stata mpya za kuigiza zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Stata ya mtumba inafaa pale tu rota imeungua au meno yamekatika, na hata hapo iombe izungushwe kwa betri dukani mbele yako, kwani umri wake huenda ni sawa na wa hiyo unayoitupa. Mpya halisi ni chaguo la gari linalofanya kazi mbali na mafundi, ambako kukwama mara moja kunagharimu kuliko tofauti ya bei.

Kugonga stata taratibu kwa rungu la spana, njia ambayo kila dereva wa daladala anaijua, husaidia brashi zilizokwama ziguse tena. Ikiwaka kwa njia hiyo umepata ushahidi kwamba brashi zimekwisha, nao una maana ya kwenda kwa fundi leo.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki

Kwa gari la petroli, watuhumiwa wa asubuhi ni mgandamizo wa mafuta ulioshuka usiku, sensa ya joto la maji ya injini inayosema uongo, plagi na koili zilizochoka, au kinywa cha hewa (throttle body) kilichojaa masizi.

Mgandamizo wa mafuta hutakiwa kubaki kwenye bomba baada ya kuzima gari, ukizuiwa na valvu ndogo ndani ya pampu iliyomo kwenye tangi. Valvu ikichoka, mafuta hurudi tangini usiku, na asubuhi stata huzunguka sekunde nyingi kabla injini haijashika. Jaribio lake ni kupiga stata sekunde tano, kupumzika kidogo, kisha kupiga tena: injini ikishika mara moja kwenye jaribio la pili, kisa kinaelekea huko. Wengi hushauri kufungua swichi mara tatu bila kupiga stata na kusikiliza mngurumo wa pampu, na hilo husaidia kwenye magari mengi. Ila kwenye baadhi ya Toyota pampu haianzi mpaka injini izungushwe, hivyo kimya hicho hakithibitishi kwamba pampu imekufa. Dalili hiyohiyo ya kuchelewa inaweza kuletwa na injekta inayodondosha mafuta ndani ya silinda usiku. Tofauti iko puani na kwenye bomba la moshi: injekta inayovuja huacha harufu ya petroli, moshi mweusi na mtetemo wa sekunde chache baada ya kuwaka, na ukikanyaga pedali ya mafuta hadi chini wakati wa kupiga stata, gari hushika upesi zaidi, kwa kuwa kompyuta nyingi hukata mafuta katika hali hiyo. Valvu ya pampu ikiwa ndiyo yenye kosa, hakuna harufu wala moshi.

Sensa ya joto la maji ndiyo ninayoipenda kuliko zote kama mfano wa kosa la asubuhi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi ili iongeze mafuta. Ikisema kwamba injini ni ya moto wakati ni ya baridi, mchanganyiko huwa mwepesi na gari hugoma. Mchana injini ikiwa ya moto kweli, uongo huo unageuka kuwa ukweli, na kosa linatoweka. Unganisha kifaa cha kusomea kompyuta kabla ya kuwasha, ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari likiwa limelala usiku kucha, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Nje kukiwa na nyuzi 10 na kompyuta ikisoma nyuzi 55, hakuna haja ya kubishana. Asiye na kifaa hicho anaweza kuichomoa sensa na kuipima kwa multimita: nyingi za Toyota husoma takriban omu 2,300 hadi 2,600 kwenye nyuzi 20, na omu mia tatu na kitu kwenye nyuzi 80. Taa ya injini kwenye dashibodi huenda isiwake kabisa, kwa kuwa kwa kompyuta nyuzi 55 ni joto la kawaida.

Plagi zilizochoka hujitambulisha kwa njia nyingine: gari hugoma zaidi asubuhi zenye unyevu na ukungu, hushika likitetemeka, na huvuta vibaya hata mchana likipanda mlima. Plagi za kawaida zikikaribia kilomita 30,000 badilisha tu, bila falsafa. Kinywa cha hewa chenye masizi nacho hutofautiana na wote: injini hushika mara moja, kisha huzimika usipoikanyagia mafuta. Hicho husafishwa kabla ya kubadilishwa, nasi tumeona wengi wakinunua kipya kwa uchafu ambao kopo moja la dawa lingeuondoa.

Dizeli: rangi ya moshi ndiyo inayochagua

Kwenye Hilux au Land Cruiser za dizeli za injini kama 3L, 5L na 1HZ, mwulize mtu anayesimama nyuma ya gari anaona nini wakati unapiga stata. Moshi mweupe mwingi unaonyesha kwamba mafuta yanafika lakini hayaungui, na mtuhumiwa wa kwanza ni plagi za hita. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha, upime kila moja hadi kwenye chuma cha injini: nzima husoma karibu omu moja au chini yake, iliyokatika haisomi chochote. Moja ikifa, gari huwaka likitetemeka. Zikifa mbili au tatu, haliwaki Makete. Zote zikiwa nzima, pima kama umeme unazifikia, kwani rilei yake, yaani swichi inayozipelekea umeme, hufa pia.

Pasipokuwa na moshi wowote, mafuta hayafiki. Hewa imeingia kwenye bomba usiku na dizeli imerudi tangini. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta: ikiwa laini, kisha ikakaza baada ya kubonyezwa mara kumi au ishirini na gari likawaka, tafuta mpira uliopasuka au kibanio kilicholegea kati ya tangi na pampu. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kikifungwa kwa muda kabla ya pampu, kitakuonyesha mapovu kwa macho yako. Mwaga pia maji yaliyokusanyika chini ya filta.

Hita zikiwa nzima, mafuta yakifika, na bado kuna moshi mweupe na upepo unaopuliza kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili, kinachobaki ni kompresheni iliyopotea. Hapo uchaguzi ni kati ya ovahoo, yaani kuifungua injini nzima na kuikarabati, na injini nyingine, na hakuna betri kubwa itakayofuta ukweli huo, ingawa stata yenye nguvu itauahirisha msimu mmoja.

Kuliwasha leo: kuboosti, kusukuma au kupuliza dawa

Kuboosti kutoka gari jingine ndiyo njia salama kuliko zote tatu, mradi utaratibu ufuatwe: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ya hidrojeni na cheche ya mwisho haipaswi kutokea juu yake. Lori lisiwe msaada wako, kwani malori mengi ni ya volti 24.

Kusukuma kunafaa gari la gia za mkono peke yake. La gia za kujibadili halitawaka hata ukilisukuma hadi Makambako. Dawa ya kupuliza yenye etha, kwa injini ya dizeli yenye plagi za hita, sipendekezi kabisa: hita ya moto huiwasha ndani ya njia ya hewa, au hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi za pistoni, na tatizo la plagi moja linageuka kuwa ovahoo.

Kuhusu oili, tofauti si kubwa kama wauzaji wanavyosema, lakini ipo. 20W-50, iliyozoeleka kwenye vituo vingi vya mafuta, hupimwa uzito wake wa kuwashia kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na 5W-30 kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hakuna mahali pa Njombe panapofika huko, hivyo 20W-50 haiwezi kulizuia gari zima lisiwake. Inaongeza tu mzigo kwa betri iliyokwisha kuchoka. Injini iliyoandikiwa 5W-30 na kiwanda, na isiyokula oili, ipewe 5W-30.

Nani apime

Multimita mkononi mwa mwenye gari inashinda mashine ya kompyuta ya gereji katika nusu ya kesi hizi, kwa kuwa mashine hiyo haioni kutu kwenye kichwa cha betri, wala shaba iliyolika ndani ya solenoidi, wala hewa kwenye bomba la dizeli. Mashine inashinda kwenye sensa na kwenye dizeli za kisasa za Toyota za D-4D, ambako huonyesha kama mgandamizo wa mafuta unapanda vya kutosha wakati wa kupiga stata au injekta zimechoka na kuurudisha wote tangini. Fundi umeme anawashinda wote wawili kwenye stata na altaneta, ambazo ni lazima zifunguliwe.

Lakini yeyote utakayemchagua, usimpelekee gari lililokwisha kuwaka. Lipeleke jioni, uliache lilale kwake, umwombe asiliguse mpaka asubuhi, na ufike kabla hajageuza ufunguo.